Jibu: Siku mbili Kaunti ya Kilifi, nianzie wapi kuijua historia yake?

Dada, kwa kuwa umesema una siku mbili tu na hutaki kuzimalizia ufukweni, anza na Gedi, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Huo ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe ndani ya msitu, ukahamwa kabisa katika karne ya 17. Tangu 2024 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Usipite haraka. Tafuta kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha kakague visima na vyoo vya zile nyumba. Hapo ndipo utaona watu waliishi, si magofu tu. Chukua mwongozaji wa hapohapo.

Malindi, nguzo ya Vasco da Gama inatosha nusu saa. Wageni wengi huishia hapo, nami naona wanapunjika, maana historia ya Kilifi haikuanza na Wareno 1498.

Siku ya pili ipe Wamijikenda, jamii tisa za hapa pwani, Wagiriama wakiwemo. Ulizia habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza 1913 na 1914. Kaya za Wamijikenda ni misitu mitakatifu, kwa hiyo usiingie bila idhini ya wazee, wala usipige picha kabla ya kuuliza. Ukiona vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, usiviguse. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na wenyewe bado vinawauma.