Swali la Lugha: Je, Anayegomea Sheria Ameasi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Nakuru. Katika insha kuhusu haki ya kuandamana, kitendo cha kuvunja sheria dhalimu kwa makusudi, hadharani na bila vurugu kimeitwa "uasi wa raia" na mwanafunzi mmoja, "ukaidi wa kiraia" na mwingine, na wengi wamekiita "maandamano" tu. Nimsahihishe nani?

Jibu: Mwalimu, anza na hao wengi, kwa kuwa kosa lao limeenea hata magazetini. Kuandamana kunatokana na andama, yaani fuata: mwezi huandama, mdaiwa huandamwa na madeni, na mvua huandamana na upepo. Kiambishi -an- kinaonyesha tu kwamba watu wanafuatana. Neno lenyewe halina ugomvi ndani yake, wala halidokezi kwamba sheria imevunjwa. Ndiyo maana Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaweza kumhakikishia kila mtu haki ya kuandamana, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Duka likivunjwa na kuporwa, tunayo maneno fujo, ghasia na uporaji, na mwandishi asiyeyatumia hapo ameichafua haki kwa uvivu wa kalamu.

"Uasi" nao ni mzito mno. Anayeasi huyakana mamlaka yenyewe: askari huasi jeshi, mwana humwasi mzazi, mja humwasi Mola. Rosa Parks, alipokataa kumpisha abiria Mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955, hakuikana serikali. Alikataa agizo moja la kibaguzi, akabaki kitini hadi polisi walipokuja kumkamata. "Ukaidi" haumfai pia. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, huwa tunawaambia watoto, na kwa hiyo jina hilo limekwisha kumtia mtu hatiani kabla hajajieleza.

Mimi ningesema aligomea. Kugoma peke yake ni kukataa kutenda, lakini kugomea, kwa ile -e- inayofuata o, hutaja kinachokataliwa: kugomea sheria, kugomea amri, kugomea kodi. Majirani zake Weusi, walioacha kupanda mabasi kwa siku 381, walisusia, maana kinachosusiwa ni huduma, bidhaa au kikao.

Tofauti hizi zilionekana Nairobi mwaka 1992, pale kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walipoketi Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Kutokula kwao kulikuwa mgomo wa kula, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu mzima kula. Kutoondoka kwao kulikuwa kugomea mamlaka yaliyowataka waondoke. Hawakuandamana, kwa kuwa walikuwa wameketi. Polisi waliwatawanya kwa marungu na mabomu ya machozi, na baadhi yao wakavua nguo, kitendo ambacho katika mila za kwao ni laana, nacho hakihitaji tafsiri yangu.

Mwanafunzi akitaka nomino, "ugomeaji" litamkwaza msomaji; aandike tu "kugomea sheria kwa amani", kwani kitenzi-jina ni nomino tosha.