JIBU: Kemia ipi nichukue wakati bado sijaamua kati ya uuguzi, famasia na udaktari (Texas)

Mdogo wangu, hiyo CHEM 1406 iache, na uiache wiki hii kabla hujalipa ada.

Kwa wanaoingia sasa: huyu ndugu yetu kamaliza kidato cha sita nyumbani, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), kaja Dallas kwa makaratasi ya mama yake, kaanza chuo cha miaka miwili. Mshauri wa masomo kamsikia akisema anataka "mambo ya afya", akamwandikia 1406. Anauliza mawili: je, kemia si kemia tu? Na kwa kuwa kashapiga kemia ya A-level, hawezi kurushwa moja kwa moja kwenye ogania (kemia ya misombo ya kaboni)?

Nitajibu kama mtu aliyepita njia hiyohiyo, CNA (msaidizi wa muuguzi) wa usiku kwenye nyumba ya wazee huku nasoma mchana, sasa ni mfamasia.

Vyuo vya umma vya miaka miwili hapa Texas vinatumia namba za pamoja, kwa hiyo namba yenyewe inakwambia mengi. Tarakimu ya kwanza ni ngazi, ya pili ni krediti. 1406 ni krediti 4, darasa na maabara humohumo, na imetungwa kwa wanaokwenda fani saidizi za afya na wasiosoma sayansi. Inagusa kidogo kemia ya jumla, kidogo ogania, kidogo baiokemia, mkupuo mmoja. Haina ubaya. Programu nyingi za uuguzi inawatosha, na zipo zisizodai hata hiyo. Ila famasia, udaktari na meno hawaihesabu kama kemia yao. Wanataka ile wanayosoma watu wa sayansi: 1311 na maabara yake 1111, kisha 1312 na 1112. Vyuo vingine vimeunganisha darasa na maabara, utaona 1411 na 1412, ni kitu kilekile. Ogania ni 2323 na 2325, maabara 2123 na 2125.

Mimi nilipokwenda kujisajili, tena nikiwa na sare ya kazini, niliambiwa hivyohivyo: chukua hii ya afya, itakufaa. Sikubisha. Nilitoka nje nikapiga simu ofisi ya udahili ya shule ya famasia niliyokuwa naiwinda, nikamsomea dada wa pale namba ya somo. Akanijibu kabla sijamaliza sentensi: hiyo hatuichukui. Nikarudi dirishani na jibu hilo. Washauri wa chuo cha miaka miwili wana wanafunzi wengi kupita kiasi na kazi yao ni umalize cheti cha pale pale. Shule unayoitaka baadaye ndiyo yenye neno la mwisho, na simu yao ni bure.

Kwa asiyeamua kama wewe, hesabu ni rahisi. Mwenye 1311 akibadili mawazo akaenda uuguzi, mara nyingi wanampokea nayo. Mwenye 1406 akibadili mawazo akaenda famasia, anaanza upya. (Manesi msinirushie mawe, naongelea namba za masomo tu.)

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza na ndilo linalowatesa watu zaidi: kemia hizi zimefungwa mnyororo. Huwezi kugusa 1312 bila kufaulu 1311, wala ogania bila 1312, na baiokemia inasubiri ogania. Na hiyo 1311 yenyewe inataka uwe na algebra ya chuo, MATH 1314. Piga mahesabu: ukianza Agosti, Januari ni ya pili, Agosti inayofuata ogania ya kwanza, Januari ogania ya pili, Agosti nyingine baiokemia. Semista tano, na hazipandani. Baiolojia unaweza kuibana, saikolojia unaweza kuisoma hata kiangazi, kemia lazima zifuatane moja baada ya nyingine. Mtu anayepoteza semista moja kwa kuchukua kemia isiyohesabika anaweza kupoteza mwaka mzima, maana vyuo vingine vidogo vinatoa ogania ya kwanza Agosti tu. Baiokemia yenyewe usiitafute hapo ulipo, kwa kawaida iko chuo cha miaka minne, mwaka wa tatu au wa nne. Panga kuhamia mapema.

Mnyororo ukatie wapi? Famasia nyingi wanataka ogania zote mbili na maabara zake. Na kumbuka mtihani wao wa kuingilia, PCAT, ulikufa Januari 2024, kwa hiyo alama zako za kemia zinasimama zenyewe bila mtihani wa kuzisaidia. Meno: mtihani wao wa kuingilia, DAT, kwenye sehemu ya sayansi una maswali 100, 40 ya baiolojia, 30 ya kemia ya jumla, 30 ya ogania. Kwa hiyo muombaji wa meno asiikwepe ogania hata kidogo. Udaktari ni kinyume chake kidogo. Tangu MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, ibadilishwe mwaka 2015, baiokemia imebeba takriban robo ya sehemu mbili za sayansi, wakati ogania ni kama asilimia 15 kwenye moja na 5 kwenye nyingine. Ndiyo maana shule kadhaa za udaktari sasa zinakubali baiokemia badala ya ogania ya pili. Kadhaa, si zote. Ukitaka kuacha milango yote wazi, soma ogania mbili na baiokemia moja, yaishe.

Swali lako la pili. A-level yako inaweza kutathminiwa na chuo kikakupa krediti, nawajua waliopewa. Usizitumie kuruka kemia. Shule nyingi za udaktari zinataka masomo haya yawe yamesomwa Marekani au Kanada, na krediti iliyoandikwa kwenye transkripti bila alama haikusaidii kitu kwenye GPA (wastani wa alama zako). Zaidi ya hapo, hiyo 1311 ndiyo A yako ya kwanza: mole concept, gesi, taitresheni, hayo yote ulishayapigia msuli pale Tanzania. Wenzako darasani watakuwa wanaona bureti kwa mara ya kwanza, wewe ulishafanya mpaka ukachoka. Chukua A yako kwa amani.

Kwenye ogania ndipo A-level inapokugeuka, na hili lisikilize vizuri. Nyumbani tulisoma ogania kwa orodha: hiki ukitia kile, kwa joto fulani, unapata kile. Tukakariri, tukafaulu. Hapa mtihani unakupa molekuli usiyowahi kuiona, unaambiwa uchore elektroni zinavyohama, kwa mishale. Mshale unaanzia elektroni zilipo na unaishia zinakokwenda. Mtu wa kukariri anaiona asidi kwenye swali, anachora mshale kutoka kwenye H⁺ kwenda kwenye oksijeni, kwa sababu kichwani mwake haidrojeni ndiyo "inayoingia". Sifuri. H⁺ haina elektroni hata moja ya kutoa, mshale unatoka kwenye oksijeni. Ukilielewa hilo moja, SN1 na SN2, zile njia mbili ambazo kundi moja linachukua nafasi ya jingine kwenye molekuli, zinaacha kuwa majina ya kukariri. Mimi nilinunua vile vibao vyeupe vya watoto, nikawa nachora na kufuta kwenye mapumziko ya saa nane usiku kazini.

Na haiishii kwenye mtihani. Mwaka wa kwanza wa famasia tulipewa penisilini: duara la atomi nne, limebanwa kuliko linavyotaka kukaa. Kimeng'enya cha bakteria kinachounganisha ukuta wake kinashambulia kaboni ya duara hilo, duara linafunguka, na dawa inaganda palepale ikakifunga. Ni mshale uleule wa 2325. Waliokwenda kwa kukariri walikuwa wanaandika majina ya dawa, sisi wengine tulikuwa tunaiona inavyofanya kazi.

Kuhusu kazi: usichanganye ogania na shifti nne za usiku kwa wiki. Nilipunguza nikabaki na za wikiendi, mfuko ukalia, lakini maabara ya mchana inayochukua masaa manne huwezi kuisinzilia na asidi mkononi. Na usijifariji kwamba ukishindwa utadropu tu (kuliacha somo katikati ya semista). Texas, kwa walioanza vyuo vya umma tangu 2007, kudropu kuna kikomo cha masomo 6 kwa shahada nzima. Kurudia nako, AMCAS, mfumo wa kitaifa wa kuombea shule za udaktari, inahesabu alama zote mbili, ya zamani na mpya.

Basi kesho nenda dirishani useme 1311 na 1111, semista moja, pamoja na 1314 kama hujaimaliza (wengine watakwambia lazima itangulie, mtihani wa kupimwa hisabati unaweza kukuokoa, uliza). Angalia siku ya maabara isigongane na shifti kabla hujabonyeza. Wakikugomea, andika hapa jina la sharti walilokutajia tulitazame.