Taa hafifu za Volkswagen ya volti 6: tafuta kwanza mahali volti zinapopotelea

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Volkswagen uliyoachiwa na baba ni ya 1963, kwamba bado ina umeme wake wa asili wa volti 6, kwamba taa zake za mbele zinatoa mwanga wa manjano usiofika hatua ishirini, na kwamba fundi amekushauri ung'oe kila kitu uhamie volti 12. Mimi ninayo ya 1961, ya marehemu mjomba wangu, na ninaiendesha hapa Lubumbashi hadi leo ikiwa na volti zake 6. Naomba usinunue kitu chochote kwanza. Mara nyingi ugonjwa wa taa hizi hauko kwenye taa zenyewe, bali uko kwenye njia ambayo umeme unapita kutoka betri hadi taa, na kutoka taa kurudi betri.

Hesabu yake si ngumu. Globu ya wati 45 katika volti 6 inavuta ampea 7.5, yaani mara mbili ya globu ya wati hizohizo katika volti 12. Ukiwasha taa za mbali, kushoto na kulia, tayari ni ampea 15 zinazopita kwenye waya mmoja kabla haujagawanyika. Waya mwembamba au kiungo chenye kutu kikila volti moja, gari la volti 12 litapoteza sehemu moja ya kumi na mbili, lakini sisi tunapoteza sehemu moja ya sita. Tena mwanga haupungui sawasawa na volti, unapungua kwa kasi kubwa zaidi: globu ya uzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Siku nilipopima gari langu, betri ilikuwa na volti 6.2 taa zikiwa zinawaka, na kwenye globu zilifika 4.7 tu. Kwa kipimo hicho globu mpya ya bei yoyote ingetoa chini ya nusu ya mwanga wake.

Nilijifunza haya kwa hofu. Fundi mmoja alikuwa amenibadilishia waya unaotoka swichi ya dashibodi kwenda swichi ya mguu, ile inayobadilisha taa za mbali na za karibu, akaweka waya wa spika za redio, akausokota na kuufunga utepe. Usiku mmoja nilikuwa narudi kutoka Likasi, nimewasha taa za mbali, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi na taa zote mbili zikazimika kwa pamoja. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti hicho alikuwa amekaa mama mdogo na mfuko wake wa unga. Ilibidi ashuke gizani, tutoe unga, tuinue kiti, ndipo nikaweza kuchomoa kichwa cha betri. Kulipokucha nilifungua kisanduku cha fyuzi nikakuta zote nzima, hakuna hata moja iliyokatika. Sababu ni kwamba katika gari hili fyuzi za taa za mbele zimewekwa baada ya swichi ya mguu, moja kwa kila taa. Waya wote unaotangulia, kuanzia betri hadi hapo, hauna ulinzi wowote. Ndiyo maana sehemu hiyo haivumilii waya wa kubahatisha.

Basi anza kwa kupima, na upime taa zikiwa zinawaka, kwa sababu waya mbovu usiopitisha mzigo utakuonyesha volti kamili na kukudanganya. Chukua mita ya kupimia volti, tafuta waya mrefu wa kuongezea mkono wake, shika ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa globu uliowashwa: namba utakayoisoma ndiyo volti zilizopotea njiani. Kisha rudi nyuma kituo kwa kituo, yaani kila mahali waya unapoungwa. Wajerumani waliandika namba kwenye vituo hivyo, na rangi za nyaya, kama hazijabadilishwa, zitakuongoza: 30 ni umeme wa betri, waya mwekundu, 56 ni kutoka swichi ya dashibodi kwenda ya mguu, 56a ni taa za mbali, waya mweupe, 56b ni za karibu, waya wa manjano, 31 ni kurudi kwenye bodi, waya wa kahawia, ambao mafundi wetu wanauita masi.

Kwangu, swichi ya mguu peke yake ilikuwa inakula volti 0.6. Iko sakafuni, nasi majira ya mvua tunaingia na viatu vyenye maji na tope jekundu, na maji hayo yote yanaishia hapo. Niliifungua, nikakuta vibati vyake vimekuwa vya kijani na vyeusi, nikavisugua kwa msasa laini hadi shaba ikang'aa, nikairudisha. Sikununua kitu. Vishikio vya fyuzi navyo visugue hivyohivyo, na uvibane kidogo ili vishike kwa nguvu.

Masi ilikula 0.4. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo magari yaliyopakwa rangi upya yanapougua. Kikombe cha taa kimekaa ndani ya madigadi, madigadi imefungwa kwenye bodi kwa bolti, na katikati kuna ukanda unaozitenganisha. Mpaka rangi akishapiga rangi pande zote, pamoja na matundu ya bolti, umeme hauna tena pa kurudia ila kupitia nyuzi za bolti zenye kutu. Mimi nilivuta waya wa kahawia mpya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kila taa hadi kwenye bodi yenyewe ndani ya boneti, nikakwangua rangi hadi chuma cheupe, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu ili unyevu usirudi. Fanya hivyohivyo pale mkanda wa hasi ya betri unapofungwa kwenye bodi.

Baada ya usafi huo ndipo uamue kuhusu waya mpya. Mimi nilipitisha waya wa milimita 6 za mraba kutoka betri hadi mbele, fyuzi ya ampea 25 ikiwa karibu kabisa na betri, nikaweka rele mbili za volti 6, yaani swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo na kupitisha umeme mkubwa, moja ya taa za mbali na moja ya za karibu. Waya mnene unaingia kwenye 30 ya rele, 87 inakwenda kwenye fyuzi za taa, 85 inakwenda masi, na 86 inapokea amri kutoka swichi ya mguu. Kwa namna hiyo swichi za zamani, ambazo kuzipata ni kazi, hazibebi tena mzigo mzito. Kila mahali waya unapopenya bati weka mpira. Na unaponunua waya, kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme vibaya zaidi. Inaniumiza kwamba waya wa namna hiyo unauzwa katika mji huu, ambao shaba ndiyo iliyouzaa.

Kuhamia volti 12 si kosa, kunapunguza ampea kweli. Lakini utabadilisha betri, dainamo, reguleta, koili, globu zote na mota ya waipa, na masi yenye kutu itabaki na kutu yake. Globu za wati 100 zikatae kabisa. Dainamo yetu inatoa takriban wati 180 kwa gari zima.

Usiusugue ule uso unaong'aa ndani ya taa kwa dawa ya kung'arishia, kwa maana madini yake ni utando mwembamba unaotoka upesi. Ukinunua vioo vya taa vilivyotumika, angalia vimetoka wapi. Vingi vinaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na ng'ambo ya pale watu wanaendesha upande wa kushoto, hivyo kioo cha kwao kinainua mwanga kushoto, na hapa kwetu utakuwa unampofusha kila anayekuja mbele yako. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani usiku, dereva akiwa amekaa kitini na tairi zikiwa na upepo wa kutosha, washa taa za karibu: ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa, na sehemu inayopanda iwe kulia.