Usiishie kwenye namba ya pH: ushauri kwa wanaoanza kazi na asidi

Mtu anayeingia maabara au kiwandani kwa mara ya kwanza huwa anaiogopa asidi, na hofu hiyo ina faida yake, ila mara nyingi humfanya aogope kisichostahili na kupuuza kinachostahili. Ushauri wangu kwa kila ninayemfundisha ni huu: kabla ya kuuliza asidi ni kali kiasi gani, uliza molekuli zake ziko katika hali gani mahali pale unapozitumia. Je, zimeachia ioni zao za haidrojeni, au bado zimezishikilia? Mengi yanayotokea ndani ya seli na ndani ya matangi hutegemea jibu la swali hilo.

Kipimo cha pH kilipendekezwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akichunguza protini na vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kipimo hicho hueleza ioni za haidrojeni zilizokwisha kuachiliwa, na kila hatua moja ya namba ni tofauti ya mara kumi. Hakielezi kiasi chote cha asidi kilichomo. Chukua myeyusho wa asidi haidrokloriki wa moli 0.1 kwa lita na mwingine wa asidi asetiki wa ukolezi huohuo. Wa kwanza utasoma pH 1 hivi, wa pili karibu 2.9, kwa sababu katika asidi asetiki ni kama molekuli 1 au 2 tu kati ya 100 zilizoachia ioni. Ukianza kuiongezea haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, yote miwili itadai kiasi kilekile mpaka asidi yake iishe, kwa kuwa molekuli zilizokuwa zimeshikilia ioni huendelea kuziachia kadiri unavyozipunguza ioni zilizo huru. Mhudumu wa maji taka ya kiwanda anayekadiria alkali ya kuagiza kwa kutazama pH peke yake ataishiwa nayo kazi ikiwa bado mbichi. Pima pH, lakini pima pia jumla ya asidi kwa kuititrisha, yaani kuiongezea alkali ya kiasi kinachojulikana kidogokidogo mpaka asidi iishe.

Hali ya molekuli ndiyo inayoeleza pia kazi ya vihifadhi vya chakula, na hapa ningependa ukae kidogo, kwa maana ni mfano unaofundisha zaidi ya mingine yote ninayoijua. Asidi benzoiki ina pKa ya 4.2, yaani katika pH hiyo nusu ya molekuli zake ni nzima na nusu zimeachia ioni. Molekuli nzima haina chaji, hivyo hupenya utando wa seli ya kuvu au bakteria bila shida; ikifika ndani, ambako pH iko karibu na 7, huachia ioni yake na kuichafulia seli mazingira, nayo seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kuzitoa ioni hizo nje. Sasa peleka kihifadhi hichohicho katika kinywaji chenye pH 7.2: molekuli iliyobaki nzima ni kama 1 tu kati ya 1,000. Kiasi ulichopima ni kilekile na lebo ni ileile, ila kinga imekwisha. Ndiyo sababu vihifadhi vya aina hii hutumika katika vyakula vyenye uchachu. Klorini ya kutibu maji hufuata kanuni hiyohiyo: asidi haipoklorasi, ambayo huua vijidudu vizuri zaidi kuliko ioni yake, hupungua haraka pH inapovuka 7.5. Lakini usikimbilie kumwagia asidi kwenye dawa ya kupaushia ili kuiongezea nguvu, kwa kuwa utakachopata ni gesi ya klorini, na gesi hiyo huharibu mapafu.

Vimeng'enya navyo vina chaji zinazobadilika pamoja na pH. Pepsini ya tumboni hufanya kazi vizuri karibu na pH 2, tripsini ya utumbo mwembamba karibu na 8. Ukizibadilishia mazingira, kila moja huzembea au kuharibika kabisa.

Kwa hiyo utahitaji bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike ovyo, na wanaoanza hukosea sana katika kuichagua. Bafa hushikilia pH vizuri ndani ya takriban hatua moja juu au chini ya pKa yake. Nje ya hapo ni chumvi tu ndani ya maji. Damu inaonekana kuivunja kanuni hii, kwani hubaki kati ya 7.35 na 7.45 ilhali pKa ya mfumo wake wa bikabonati ni 6.1, lakini inawezekana kwa sababu mapafu hutoa kaboni dayoksaidi kila wakati na figo hurekebisha bikabonati. Chupa iliyo mezani kwako haina mapafu wala figo. Zingatia pia joto: bafa ya Tris hupoteza takriban 0.028 za pH kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayopanda. Ukiitengeneza iwe 8.0 katika nyuzi 25 kisha ukaitumia kwenye chumba baridi cha nyuzi 4, itakuwa karibu 8.6, na protini yako itaathirika ingawa daftari linaonyesha 8.0. Rekebisha pH katika joto utakalofanyia kazi. Elektrodi ya kipima pH nayo ihifadhiwe ndani ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe si ndani ya maji yaliyokenekwa.

Kuhusu usalama, jina "asidi dhaifu" lisikupumbaze. Asidi haidrofloriki ni dhaifu kwa kipimo cha kemia, pKa yake ni 3.2 hivi, na udhaifu huo ndio unaoifanya ya kutisha: molekuli nzima hupenya ngozi mpaka ndani kabisa, kisha floridi hukamata kalsiamu ya mwili, hata kuuvuruga moyo. Ikiwa imezimuliwa, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Usiifungue chupa yake kabla hujaona kwa macho yako mahali ilipowekwa dawa yake, jeli ya kalsiamu glukoneti, na kama imekugusa, osha kwa maji mengi na utafute daktari hata kama huhisi kitu.

Asidi salfuriki hugeuza mambo upande mwingine. Ile ya asilimia 98 huhifadhiwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida, kwa kuwa hujenga utando wa salfeti ya feri unaokikinga chuma. Ikizimuliwa hula chuma hichohicho na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Asidi hii hufyonza unyevu wa hewa, basi tangi lililoachwa wazi au lililooshwa kwa maji kidogo huwa hatari kuliko lililojaa. Kabla ya kulichomelea au kulikata tangi la namna hiyo, hata kama limekaa tupu muda mrefu, hewa iliyomo ipimwe kwanza kama ina haidrojeni.