Uniti, mtungi na sii-sii: maswali yenu ya vipimo

*Mwalimu, bili ya maji inasema nimetumia uniti 9 kwa mwezi. Mimi najua mitungi tu. Ni mingapi? (Mama wa Umoja)*

Uniti moja kwenye bili ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Mtungi wetu wa njano ni lita 20, kwa hiyo uniti moja ni mitungi 50, na zako 9 ni mitungi 450. Gawa kwa siku 30 upate mitungi 15 kila siku. Kama mko watu watatu na hamfui kila siku, hiyo ni mingi, mama. Kabla ya kugombana na msoma mita, funga mifereji yote usiku, andika namba za mita, na usichote maji wala kuvuta choo hadi uzisome tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, kuna panapovuja, na mimi ningeanza na tangi la choo.

Hesabu hiyo hiyo inakufaa mifereji ikikauka. Ukinunua mtungi kwa shilingi 20, uniti moja imekugharimu shilingi 1,000. Linganisha na bei ya uniti kwenye bili yako. Utakaa chini.

*Nesi alisema nimpe mtoto "sii-sii 5", chupa imeandikwa ml. Nimpe ngapi? (Baba, Kayole)*

Mpe mililita 5. Sii-sii ni sentimita ya ujazo, na hiyo ni sawasawa na mililita moja. Ila tafadhali weka kando kijiko cha chai cha jikoni: kimoja hubeba 3, kingine 6. Tumia kikombe kilichokuja na dawa au bomba la sindano lisilo na sindano.

*75 cl ni kiasi gani? (Msomaji, South B)*

Sentilita moja ni mililita 10. Kwa hiyo ni mililita 750, robo tatu ya lita. Sherehe njema.

*Muuza mafuta ya kupikia Gikomba anasema kilo na lita ni kitu kimoja. Kweli?*

Kwa maji, karibu kweli. Mafuta ni mepesi: lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi. Akikupimia kilo kamili kwa mizani, unapata lita moja na kama mililita 85 juu. Akikupimia lita kwa kikombe na kukutoza bei ya kilo, hizo 85 zimebaki kwake.