Mnaoanza kuandika mashairi Malindi, hiyo buluu iangalieni vizuri

Wadogo zangu mlioanza fasihi mwaka huu, na nyinyi mnaojaribu kuandika mashairi, kuna kitu nakiona karibu kila daftari ninaloletewa: bahari ya buluu, anga la samawati. Mtu kakaa chumbani kaandika tu, hajaenda kuangalia. Hebu shukeni ufuoni mwezi wa tano, masika imeshika, mto Sabaki umejaa unateremsha udongo wa bara, muone hayo maji, rangi ya chai ya maziwa mpaka huko mbali kabisa. Kaskazi ikikolea na mvua zimekata, ndo yanatakata yanarudi buluu, na penye miamba yanakuwa kijani. Sasa ukiniandikia buluu nataka nijue ni msimu gani na umesimama wapi.

Na buluu si lazima. Mwaka 1858 William Gladstone, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alitoa kitabu kirefu juu ya Homer, akaonyesha kwamba mshairi yule wa Kigiriki bahari anaifananisha na mvinyo, haiiti buluu. Gladstone akadhani eti Wagiriki wa kale macho yao hayakuwa yamekomaa kwa rangi, hilo siku hizi halikubaliki, lakini aliyoyaona kwenye mistari yapo, na bahari ya Homer inatisha na kupendeza vilevile.

Wengine buluu wameipa kazi ya kutamani. Novalis, Mjerumani, kwenye riwaya yake iliyotoka 1802 yeye akiwa keshafariki, ana kijana anaota ua la buluu na ndo linamtoa kwao. Kwa nini buluu? Mie naona ni kwa sababu ya umbali. Milima ya mbali inaonekana buluu manake hewa iliyo katikati inatawanya zaidi mwanga wa buluu, ukiifikia unakuta majani na mawe ya kawaida. Ile rangi ilikuwa ya njia, mlima wenyewe haunayo. Hapo mshairi ana kitu cha kushika.

Ila anayeniuma ni Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, kwenye riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ya 1970. Pecola ni mtoto mweusi pale Lorain, Ohio, kila mtu anamwona mbaya, na yeye anaomba Mungu ampe macho ya buluu, akiamini akiyapata watu watampenda. Mwisho akili inamtoka, anaamini keshayapata. Someni polepole, na wasichana nawaomba sana mkisome, tunao hapa watoto wanaochukia ngozi zao wallahi. Rangi ileile ya kutamani, hapa inamla mtoto, na aliyemfundisha kuitamani si yeye mwenyewe, ni dunia yote iliyomzunguka. Kwa hiyo ukiandika "macho ya buluu" kusifia urembo, jiulize umeyatoa wapi.

Halafu msiwaache wa kwetu. Sayyid Abdallah wa Pate kwenye utenzi wake wa Al-Inkishafi anatuonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa ya kupangia sahani, sasa makinda ya ndege wanalala humo. Beti hiyo haitaji rangi hata moja! Nendeni magofu ya Gede mkaangalie vipande vya sahani za Kichina, baadhi vimechorwa buluu juu ya nyeupe, kisha rudini muisome tena beti, mtaona vile mshairi angeweza kusifia mapambo na akaacha, akatupa daka tupu na ndege.

Kwa hiyo zoezi langu ni hili. Chukua shairi lako ufute buluu zote, usome kwa sauti. Mstari ukisimama bila hiyo rangi, achana nayo. Ukianguka, irudishe hapo tu, na useme inatoka wapi: maji ya kaskazi, kanga ya nyanya, mlango wa jirani, chochote ulichokiona. Mashairi yenyewe nileteeni hata kama yamejaa maneno yaliyofutwa, nitayasoma yote.