Siku ya kukata utepe, mkate uwe mezani

Nilipofungua tanuri langu la mikate Kihonda, Morogoro, nilihangaikia sherehe mwezi mzima. Nilikodi turubai, viti 150, spika na MC, nikanunua kreti 10 za soda. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mkate. Tanuri tulilizima tangu usiku ili mgeni rasmi akiingia asikute joto. Watu wakanywa soda, wakapiga makofi. Wakati wa kuagana, mama mmoja jirani akanishika mkono: "Mwanangu, hongera sana, Mungu akubariki. Soda nimekunywa. Sasa mkate uko wapi niwapelekee watoto?" Noti ilikuwa imekunjwa kiganjani mwake. Nikamwomba aje kesho. Kesho yake hakuja, na wengi wa waliokaa kwenye vile viti sikuwaona tena.

Kwa hiyo ukiniuliza leo uanzie wapi unapozindua biashara, nitakwambia anza na kuuza. Fungua kimya kimya wiki mbili kabla ya sherehe. Katika wiki hizo utajua kama umeme unatosha, kama kijana wa kaunta anaijua bei bila kuuliza, kama EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inafanya kazi. Leseni ya biashara nayo iwe tayari ukutani. Siku ya sherehe watu wakute duka linalofanya kazi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa mwendee mwenyewe, mapema, kabla hajasikia kwa watu. Mweleze kuhusu muziki, na kama turubai litaziba njia, akuelekeze vibali vinapatikana wapi. Mgeni rasmi mpelekee barua angalau wiki mbili kabla. Barua itaje saa ya kufika na dakika za kuzungumza. Mimi huandika tano. Uliza bila kuona haya: akipata dharura, nani atamwakilisha? Mimi sikuuliza, tukakaa juani zaidi ya saa nzima, na akina mama wenye watoto wachanga wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Siku nzuri ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, saa 4 asubuhi. Ijumaa mchana utagongana na swala, Jumapili na ibada. Machi hadi Mei ni masika. Kama huna ukumbi wa ndani, subiri.

Sasa utepe wenyewe. Watu wanaudharau, lakini ndiyo picha itakayobaki. Mimi nilinunua wa satini, mpana na laini, nikaufunga kwenye nguzo mbili za mlango. Mkasi ulikuwa wa ofisini, wa mpini wa plastiki. Mgeni rasmi akakata, utepe ukateleza na kujikunja katikati ya makali. Akarudia. Vigelegele vikaisha kabla utepe haujakatika. Azima mkasi wa fundi cherehani, ule mzito, na umwombe aunoe. Weka watu wawili wauvute utepe kila upande hadi ukaze kabisa, usining'inie. Jaribu jana yake kwa kipande cha utepe uleule. Mpigapicha asimame ndani ya duka akitazama nje, apate uso wa anayekata pamoja na watu walio nyuma yake.

Kwenye chakula usijitanue. Mwonjeshe mtu kile unachouza. Mwenye saluni asuke mtu mmoja hapohapo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi awape mafundi bei ya siku hiyo. Fedha za keki kubwa zitakufaa zaidi kwenye unga.

Duka la pili nililifungua karibu na stendi ya Msamvu. Dua ya shehe na sala ya mchungaji zilikuwa fupi, hotuba moja, utepe ukakatika kwa mkato mmoja. Wakati ule ule vijana wakatoka na trei, mikate bado ya moto, harufu ikafika hadi barabarani. Mgeni rasmi akanunua miwili kwa fedha yake, akapewa risiti, na foleni ikajipanga nyuma yake. Yule mama wa Kihonda nilikuwa nimemfuata nyumbani kumwalika. Alikuja na daladala, akasimama wa tatu kwenye foleni, na mfuko wake mkononi.